Alama Juu ya Karatasi: Habari za Uchaguzi katika Jimbo la Mashariki, na za Kilosa na Mikumi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kilosa)



 Tuliombwa tueleze habari za uchaguzi wa wajumbe katika nchi hii yetu ya Kilosa na Mikumi, tangu ulipoanza wakati wa Waingereza hata leo. Sababu ya kuombwa mnaijua. Kila baada ya miaka mitano sisi watumishi ndio tuitwao kuketi nyuma ya meza katika vituo vya kura: huyu msimamizi wa kituo, huyu msaidizi wake, huyu karani mwongozaji. Kazi hiyo haifanyiki kwa haki na mtu asiyejua ilikotoka. Tena wako wenzetu, wala si wachache, ambao siku hizi hunena, "Kura ya nini? Mambo yamekwisha kuamuliwa." Neno hilo ni zito, nalo halifai kujibiwa kwa makelele. Lafaa kujibiwa kwa habari za kweli.

Basi shabaha yetu ni moja. Alama aitiayo mtu juu ya karatasi haina thamani kwa sababu ya wino wake. Thamani yake yatoka katika mambo matatu: aliyeitia ajue karatasi ile yasema nini, awe na uhuru wa kukataa, na yule aishikaye karatasi baadaye awe mwaminifu. Likikosekana moja katika hayo, alama ile ni wino mtupu. Twataka kulionyesha jambo hili kwa habari za hapa petu.

KARATASI YA MSOVERO

Karatasi ya kwanza yenye sifa katika nchi hii haikuwa karatasi ya kura. Mnamo Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters na wenziwe walifika Usagara, nao wakaandikiana mkataba na Mangungo wa Msovero. Msovero, kama mjuavyo, ni katika wilaya yetu ya Kilosa. Mangungo akatia alama yake. Kwa maneno yaliyoandikwa, alikuwa ameitoa nchi pamoja na mamlaka yake kwa chama cha Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatoa barua ya ulinzi, na karatasi za Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami zikawa msingi wa utawala wa Kijerumani katika nchi nzima.

Hata leo mtu akitia sahihi mkataba asioujua huitwa Mangungo. Sisi twaona si haki kumcheka mzee yule. Hakuna mwenye akili atakayesadiki kwamba alikusudia kuitoa nchi ya baba zake kwa zawadi chache. Alama yake ilitiwa kwa maana moja, karatasi ikaandikwa kwa maana nyingine. Wa kulaumiwa ni aliyeandika na aliyefasiri, yaani watu wa kalamu. Ndugu makarani, hapo pana onyo letu sisi hasa.

VITI VYA KUTEULIWA

Waingereza walipokwisha kuitwaa Tanganyika, Gavana Donald Cameron aliweka Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926. Hapakuwa na uchaguzi. Gavana aliteua wajumbe, na kwa muda wa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao ni Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame.

Lakini watumishi Waafrika hawakuwa wamelala. Mwaka 1922, miaka minne kabla ya Baraza, karani Martin Kayamba na wenziwe walianzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Basi jamii yetu ya kalamu ilijua kusema zamani sana kabla ya kupewa kura.

Mwaka 1955, wakati wa Gavana Edward Twining, viti vya wajumbe wasio maofisa viligawanywa sawa kwa sawa: 10 vya Waafrika, 10 vya Wazungu, 10 vya Waasia. Ulikuwa usawa wa mizani isiyo sawa, kwani Waafrika walikuwa mamilioni na wengine maelfu. Na wajumbe wote walikuwa wa kuteuliwa vile vile.

JIMBO LA MASHARIKI, 1958

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Siku zile neno "jimbo" lilikuwa na maana ya nchi kubwa yenye wilaya nyingi chini ya mkubwa mmoja wa Serikali. Leo twaita mkoa. Jimbo la Mashariki lilianza pwani ya Bagamoyo, likashika Kisarawe na Rufiji, likapanda mpaka Morogoro, Kilosa na Ulanga. Serikali ilipokubali uchaguzi, jimbo lote hilo lilifanywa kuwa mahali pamoja pa kuchagulia wajumbe. Mtu wa Kidodi na mtu wa Bagamoyo, ambao pengine hawakupata kuonana maisha yao yote, walichagua wajumbe wale wale.

Masharti ya mpiga kura yalikuwa hivi. Awe ametimiza miaka 21. Awe amekaa katika nchi muda uliowekwa. Kisha awe na moja katika haya: mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au awe na cheo kilichotajwa katika sheria. Nchi nzima waliandikishwa watu wapatao 60,000, na wenyeji walikuwa zaidi ya milioni 8. Haikufika mtu mmoja katika kila mia. Mkulima wa mahindi wa Gairo, mkata mkonge wa Kimamba, mama wa shambani kule Mikumi, hao sheria iliwapita pembeni.

Tena palikuwa na sharti ambalo halijaonekana tena hapa kwetu: kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Aliyetia alama kwa Mwafrika peke yake, karatasi yake iliharibika. Hapo kumbukeni lile jambo la pili tulilosema, uhuru wa kukataa. Mtu alipewa kura moja ya hiari na mbili za lazima.

Chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilifanya mkutano mkuu Tabora mnamo Januari 1958 kushauriana juu ya sharti hilo. Wengi walitaka kususa. Julius Nyerere aliwashawishi waingie, maana waliosusa wangewaachia viti wapinzani wao wa chama cha UTP, kisha wakae nje wakitazama sheria zikitungwa. Mkutano ulikubali. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka, akaanzisha chama chake cha ANC.

Nyerere mwenyewe alisimama katika Jimbo letu la Mashariki. Aliyepambana naye kwa kiti cha Mwafrika ni Patrick Kunambi wa Uluguru. Wote wawili walikuwa miongoni mwa watu 17 walioanzisha TANU mwaka 1954. Siku ya kura walisimama pande mbili. Mwezi Agosti 1958, kabla tu ya kura, Nyerere alihukumiwa huko Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wa Serikali katika gazeti la chama. Alipewa kuchagua: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Tazameni hesabu hiyo, ndugu makarani: shilingi 3,000 ndiyo mapato ya mwaka mzima yaliyompa mtu haki ya kura, na ndiyo faini iliyomwezesha mgombea kusimama mbele ya wapiga kura akiwa nje ya gereza.

Mwezi Septemba 1958 kura zilipigwa, na Nyerere akashinda kwa wingi mkubwa. Katika majimbo mengine yaliyopiga kura mwezi ule pia walioungwa mkono na TANU walishinda. Sharti la kura tatu, lililotiwa ili kuizuia TANU, liligeuka likaisaidia. Kwa kuwa wapiga kura wengi walikuwa Waafrika, wao ndio walioamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi aingie. UTP haikuinuka tena.

KARANI MWENYE KURA ASIYE NA KADI

Hapa twaomba tusimame kidogo, maana habari hii ni yetu.

Wenye elimu ya darasa la nane au mshahara wa shilingi 3,000 hapa Kilosa mwaka 1958 walikuwa nani? Walikuwa karani wa boma, mwalimu, msaidizi wa tabibu, karani wa stesheni ya reli, karani wa shamba la mkonge, na wenye maduka. Kwa maneno mengine, daftari la wapiga kura lilikuwa karibu daftari la watu wa kalamu. Lakini tangu mwaka 1953 waraka wa Serikali uliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na TANU ilipozaliwa mwaka uliofuata, mtumishi hakuweza kuwa mwanachama pasipo kuhatarisha kazi yake. Hata Nyerere, mwalimu wa Pugu, ilimlazimu kuchagua kati ya kazi na siasa, akaacha kazi mwezi Machi 1955.

Basi karani alikuwa na kura wala hakuwa na kadi. Hakuweza kuinua sauti mkutanoni, aliweza tu kuingia katika chumba cha kura peke yake na penseli. Na ile kura ya siri ikafanya ambayo mdomo ulikatazwa kuyafanya. Mkubwa wake aliweza kumwona akiingia na kutoka. Alama aliyoitia hakuiona. Wale waliokuwa na haki ya kura walikuwa wachache, nao wangaliweza kujichagulia faida yao wenyewe, kwa kuwa wao tayari walikuwa na mshahara na elimu. Hawakufanya hivyo. Walipiga kura kwa ajili ya wale ambao hawakuruhusiwa kupiga. Twaona hiyo ndiyo heshima kubwa ya wazee wetu wa kazi hii, nayo husahauliwa kwa kuwa haikuwa na kelele.

KUKWISHA KWA JIMBO LILE

Jimbo la Mashariki kama mahali pa uchaguzi liliishi miaka miwili tu. Chini ya Gavana Richard Turnbull sharti la kura tatu liliondolewa, na uchaguzi wa Agosti 1960 ukawa na majimbo madogo zaidi na viti 71. Aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliruhusiwa kupiga kura, au mwenye mapato ya pauni 75. Waandikishwa wakapanda hata 885,000. Hata hivyo watu wengi hawakuiona karatasi, kwani viti 58 havikuwa na mpinzani. TANU ilipata viti 70, na kile kimoja, cha Mbulu, alikipata Herman Sarwatt aliyesimama kama mgombea binafsi. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Baadaye majimbo ya kale yakavunjwa, nasi tukawa katika Mkoa wa Morogoro.

Mwaka 1964 watumishi wa Serikali waliruhusiwa kuingia TANU, na mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Wako wadhanio kwamba tangu hapo kura ilikufa. Si kweli yote, wala si uongo wote. Karibu katika kila jimbo walisimamishwa wanachama wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mmoja kwa alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye aweze kuchagua. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa kwao Mwanza. Na hapa jirani, Morogoro, Amir Jamal, mtu wa asili ya Kihindi, alichaguliwa na Waafrika bila sheria yoyote ya kuwalazimisha. Yale ambayo sharti la mwaka 1958 lilitaka kuyapata kwa nguvu, watu wa Morogoro waliyatoa kwa hiari. Lakini kwa cheo cha urais palikuwa na picha moja na kivuli, na vyama vingine havikuruhusiwa. Kuchagua mtu kuliruhusiwa. Kuchagua njia nyingine hakukuruhusiwa.

KILOSA NA MIKUMI ZA LEO

Vyama vingi vilirudi kwa sheria mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa Oktoba 1995. Wilaya ya Kilosa ya zamani imekwisha kugawanyika: Gairo ni wilaya yake yenyewe, na Kilosa imebaki na majimbo mawili, Kilosa na Mikumi.

Jimbo la Kilosa limekuwa la CCM chaguzi hizi zote za karibu. Mustafa Mkulo, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu mwaka 2008 hata 2012, alikuwa mbunge wake. Mwaka 2015 aliingia Mbaraka Bawazir, na mwaka 2020 Profesa Palamagamba Kabudi. Katika jimbo kama hili mashindano makali huwa ndani ya chama, wakati wa kura za maoni, kuliko siku ya uchaguzi wenyewe.

Mikumi, iliyo kwenye barabara kuu ya Iringa, mbuga yake upande mmoja na mashamba ya miwa ya bonde la Ruaha upande mwingine, ilionyesha mambo mengine. Mwaka 2010 kiti kilichukuliwa na Abdulsalaam Amer wa CCM. Mwaka 2015 alishinda Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye vijana humjua kwa jina la Profesa Jay kwa sababu ya nyimbo zake. Mwaka 2020 kiti kikarudi CCM kwa Dennis Londo. Mpende CCM au mpende CHADEMA, jambo moja lilidhihirika mwaka 2015: penye wagombea wawili wenye nguvu, karatasi zikahesabiwa mbele ya mawakala, mwenye kiti aweza kuondoka na mwingine akaingia, na jua likachomoza kesho yake kama kawaida.

Lakini hatutaficha yaliyofuata. Mwaka 2020 wapinzani walilalamika sehemu nyingi juu ya wagombea wao kuenguliwa. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa katika karatasi, na siku ile ikawa siku ya ghasia na vifo katika miji mbalimbali. Waliokufa ni watoto wa watu. Asemaye "kura ya nini?" anayo sababu yake, wala tusimkemee kama mjinga. Mtu asiyemkuta amtakaye katika karatasi amepungukiwa na lile jambo la pili.

YATUPASAYO

Kazi ya jambo la kwanza na la pili ni ya wenye kutunga sheria na ya raia wote. Lile la tatu, uaminifu wa mwenye kuishika karatasi, ni letu. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba haifai wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Oktoba ya mwaka ule Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi ule. Hatusemi sisi ni hukumu ipi ilikuwa bora. Twasema tu kwamba hata swali lenyewe lilipelekwa mahakamani kwa sababu raia walitia shaka kama mtumishi aweza kuhesabu kwa haki. Shaka hiyo haiondolewi na hukumu. Huondolewa na mwenendo wetu.

Basi twataja machache.

Kwanza, kanuni za kazi zatuachia kura yetu na chama tukipendacho, ila zatukataza siasa saa za kazi. Tuzishike. Wazee wetu wa mwaka 1958 hawakuwa na kadi, wakatumia kura. Sisi twaweza kuwa na kadi, lakini ibaki nyumbani siku ya kazi ya kituo.

Pili, tusiidharau fomu. Fomu namba 21B, iandikwayo matokeo ya ubunge kituoni, ni karatasi ndogo, lakini ndiyo kauli ya kijiji kizima. Iandikwe kwa wino usiofutika, itiwe sahihi na mawakala, wapewe nakala yao, na nyingine ibandikwe wazi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kura ni mali.

Tatu, ajapo bibi kizee asiyejua kusoma akaomba kusaidiwa, asaidiwe na mtu amchaguaye mwenyewe, kwa kadiri ya sheria. Asije akatiliwa alama asiyoikusudia. Huko ndiko kurudi Msovero.

Nne, nalo ni gumu: ikiwa mkubwa yeyote, wa chama chochote, atamwambia mmoja wetu aongeze au apunguze, amjibu kwa adabu kwamba hesabu haina mkubwa. Na asiachwe peke yake. Kazi ya chama chetu si kudai nyongeza ya mshahara tu. Mwanachama akipata taabu kwa kukataa uovu, taabu ile iwe ya chama kizima. Tuiandikie barua, tuifuate, tusinyamaze. Bila hivyo, kumwambia karani wa cheo cha chini awe shujaa ni maneno ya bure.

Bwana Mwenyekiti, Jimbo la Mashariki halipo tena, na wengi wa waliopiga kura ile ya Septemba 1958 wamekwisha kufariki. Hawakuacha sanamu wala jiwe. Waliacha karatasi zilizohesabiwa sawasawa, na nchi ikapita juu yake kama juu ya daraja. Atakayeketi nyuma ya meza ya kura kule Ulaya, Zombo, Kidodi au Rudewa katika uchaguzi ujao, na azishike karatasi zile kwa mikono safi.